Taa Nilizoziomba

Nyumbani kwetu,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu,

Miezi kumi ni muda mrefu mno kwa kaka kumnyamazia ndugu yake wa tumbo moja, nami sitatafuta kisingizio. Barua zako mbili zilifika. Nilizisoma, kisha shemeji yako akazisoma tena kwa sauti wakati wa chai. Sikuugua, sikusafiri, wala kalamu haikuniishia wino. Nilinyamaza kwa sababu katika barua yangu ya mwisho nilikuandikia jambo ambalo baadaye niliona si kweli, na mtu aliyefundisha uandishi kwa miaka thelathini na minane huona uzito kukifuta alichokwisha kukiandika. Naomba unisamehe. Jambo lenyewe nitalieleza zamu yake ikifika.

Kwanza hali yako. Mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza kubeba masanduku, na kwamba msimamizi wa ghala amekuhamishia kwenye meza ya kupokea mizigo. Mimi nilifurahi, ingawa najua wewe hukufurahi; tangu utotoni hukuweza kukaa kitini hata kwa muda wa maji kuchemka. Kaa hapo hapo mezani. Mgongo hauna duka la vipuri. Na shemeji yangu, mama wa binti yetu, ganzi ya vidole imemwacha? Mwambie dawa ya kuchua aitumie kila usiku kabla ya kulala, si siku anapoikumbuka.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto hutabiri mvua vizuri kuliko redio. Shemeji yako ametengenezewa miwani mipya na binti yako, na sasa husoma mwenyewe yale maandishi madogo ya kwenye chupa za dawa. Amegundua kwamba kwa miaka miwili nilikuwa nikimsomea vijiko viwili mahali palipoandikwa kimoja. Hajanisamehe bado, lakini yu mzima.

Naam, binti yako, tunayeishi naye hapa. Yeye ndiye sababu ya barua hii.

Uliniuliza kama ni kweli kwamba msichana huyu, baada ya kushinda dukani akikata lenzi za miwani ya watu, hurudi nyumbani na kushughulikia dude la kutazamia nyota. Ukanitaka nimwambie aliuze, afikirie maisha yake. Nami nikakujibu kwamba nakubaliana nawe, kwamba ule ni mchezo wa kitoto, na kwamba nitazungumza naye. Hilo ndilo jambo ninalolifuta leo. Tafadhali lifute nawe kwenye nakala uliyo nayo.

Ngoja nikueleze alivyoifanya kazi hiyo, kwa maana mimi niliiona kila siku bila kuitazama. Fundi mkuu wa duka lao alimpa kioo kinene cha duara, kipana kama sahani ya wali, kilichokuwa kifuniko cha mashine iliyokufa. Aliweka kioo kingine juu ya pipa kwenye ukumbi wetu wa nyuma, akatia maji na unga mkali wa kusugulia, akakilaza hicho juu yake, akaanza kusugua ili kibonyee kidogo katikati na kukusanya mwanga. Anasukuma mara sita, anapiga hatua moja kulizunguka pipa, anasukuma tena. Miezi saba, mdogo wangu. Alilizunguka pipa lile kama mtu aliyeangusha pete. Unga ulikuwa wa madaraja sita, kuanzia ule wa punje kama chumvi hadi ule laini kuliko poda ya mtoto, na kila alipotaka kuhamia daraja jingine alifua nguo, akaosha nywele, akasugua sakafu nzima, kwa sababu punje moja ya daraja la nyuma ikipenya inakwaruza kazi yote. Siku moja shemeji yako akaufagia ukumbi kwa nia njema. Mchanga ukaruka. Binti yako alikitazama kioo, akaona mkwaruzo, akarudi nyuma wiki tatu. Alimshukuru mama yake mkubwa kwa kufagia.

Kilipokaribia kukamilika alikuwa akikipima kwa wembe na taa ndogo, akitazama kivuli kinavyotambaa juu yake ili ajue kama mbonyeo uko sawa. Hatimaye akakipeleka kwa fundi wa vioo vya kujitazamia ili akipake rangi ya fedha. Yule bwana alicheka mpaka akakaa chini. Alisema miaka yake yote ametengeneza vioo ili watu wajione, na huyu ni mteja wa kwanza kumletea kioo cha kutojiona. Mwili wa darubini ni bomba la plastiki la maji machafu, jipya lakini, na kitako chake ni mbao za kitanda chako cha ujanani. Nilimruhusu. Kitanda chenyewe kilikuwa kinalia.

Sasa kuhusu kambi. Nilikwisha kukuandikia kwamba tangu nistaafu mimi ni katibu wa chama cha hiari chenye kambi nje ya mji, mwendo wa saa moja na nusu. Kila likizo ya mwezi wa nane tunawachukua watoto arobaini na kitu kutoka familia zisizojiweza, wakae wiki moja wakila mara tatu kwa siku, wakicheza na kulala bila kubanana sita chumbani. Mwenyekiti wetu ni muuguzi mstaafu, mama wa maneno machache na hatua ndefu. Mwaka jana binti yako alimwomba usiku wa siku mbili katika kila wiki ya kambi ili yeye na wenzake wawili wa dukani wawaonyeshe watoto nyota. Hawalipwi hata nauli. Mwenyekiti akakubali, na watoto wakampa binti yako jina la Fundi Nyota.

Utaratibu wao ni mmoja tu, nao ni mkali kuliko wangu wa darasani: hakuna mwanga mweupe. Tochi zote hufungwa karatasi nyekundu ya nailoni. Watoto hulala chali kwenye mikeka kwa nusu saa nzima kabla ya kuonyeshwa chochote, kwa sababu jicho lililotoka kwenye taa ni kipofu kwa muda huo. Mimi sikuujua utaratibu huu. Nilikuwa ofisini nikipanga orodha za majina. Usiku wa kwanza, nikiwa mtu wa kuhesabu watoto kila saa, nilitoka na tochi yangu kubwa nikaanza kuwamulika usoni mmoja mmoja, namba moja, namba mbili, hadi namba kumi na tisa, ndipo nikasikia uwanja mzima ukiguna. "Aaa, babu! Umetuharibia macho." Nusu saa ikaanza upya. Nilirudi ofisini nimeudhika, nikijiambia kwamba sijapata kuona elimu inayoharibiwa na nuru.

Usiku wa pili sikutoka. Nilitega masikio tu. Kuna binti wa miaka tisa ambaye wenzake humwita Wakili, kwa kuwa hakuna jambo asilolipinga. Alipochungulia kwenye darubini akaiona sayari ya Zohali na pete yake, alijitoa akamwambia binti yako, "Dada, hii ni stika. Umeibandika humu ndani." Binti yako hakubishana. Alimwambia aendelee kutazama, asiguse kitu. Wakili akatazama. Zohali ikasogea polepole, ikafika ukingoni, ikatoka kabisa. Akauliza imekwenda wapi. Binti yako akamjibu kwamba stika haiendi kokote, lakini dunia inageuka na sisi juu yake. Yule mtoto, nimeambiwa, alishika nyasi kwa mikono miwili.

Wiki hiyohiyo mtoto mmoja aliteguka kifundo cha mguu njiani kwenda msalani. Hapo mimi nikapata sababu. Nilikaa mezani siku mbili nikaandika barua kwa mfadhili wetu, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, kuomba taa za kambi. Sijisifu nikisema ilikuwa barua nzuri. Haikuwa na neno la ziada. Kulikuwa na sentensi isemayo, "Giza halina faida yoyote kwa mtoto." Binti yako ndiye aliyeipeleka posta. Kabla ya kuifunga aliniuliza kwa adabu kama ningeongeza sentensi moja, kwamba taa zielekezwe chini. Nilimjibu kwamba barua ikishakamilika haiongezwi. Nilikuwa naipenda ilivyokaa kwenye ukurasa mmoja.

Mfadhili akaisoma, akaisifu, akaleta taa kumi na mbili zenye nguvu, juu ya nguzo ndefu, kila nguzo ikiwa na kibao cha jina lake. Mwenyekiti akaitia nakala ya barua yangu fremu na kuitundika ofisini. Katika hali hiyo ya kujiona ndipo nilipokuandikia wewe kwamba nyota ni mchezo wa kitoto.

Mwaka huu, mwezi wa nane, watoto wakaja tena, Wakili akiwemo. Safari hii alikuja na mdogo wake wa miaka sita. Usiku wa nyota ulipofika nilikaa nje, kwa kuwa sasa palikuwa na mwanga wa kuniridhisha. Binti yako akatandika mikeka. Nusu saa ikapita. Juu yetu palikuwa kama dari iliyopakwa chokaa. Wakahamia nyuma ya jiko, mwanga ukawafuata. Wakahamia nyuma ya tangi la maji, hali ikawa ileile. Zohali ilionekana kwenye darubini, kwa taabu, lakini ule ukanda mweupe unaolikata anga kutoka upande hadi upande, ambao Wakili anauita sukari iliyomwagika, haukuwapo kabisa.

Wakili akasimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni. Akamuuliza binti yako nyota zimekwenda wapi. Akajibiwa kwamba zipo palepale, ila taa zinazifunika. Akauliza nani kaleta taa. Binti yako akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Hapo nilielewa kwamba hatanitaja, leo wala kesho.

"Ni mimi niliyeziomba," nikasema.

"Kwa nini, babu? Unaogopa giza?"

"Niliogopa mngeumia."

"Mimi si nimeumia sasa? Mtaani wananiita mwongo mwaka mzima. Huyu mdogo wangu ndiye shahidi wangu, nimemleta aone, na hajaona kitu."

Mdogo wangu, nimesimama mbele ya wakaguzi wa elimu, wakuu wa shule na wazazi wenye hasira. Hakuna aliyenishinda kwa hoja kama mtoto yule mwenye kandambili zisizolingana.

Asubuhi nilimwendea mwenyekiti ofisini. Nilimwambia naomba taa zizimwe usiku mmoja. Alinitazama, kisha akaitazama fremu ukutani, kisha akanitazama tena. "Katibu," alisema, "unanitia kizunguzungu. Mwaka jana giza ndilo adui. Leo adui ni taa. Kesho utaniletea barua ya kulishtaki jua?" Nilistahili. Aliniambia nitapewa usiku mmoja, ule wa mwisho, kwa saa mbili tu, na kwamba mtoto mmoja akijikwaa, habari ya nyota iishe hapo, mwaka huu na miaka mingine.

Sasa ndipo nilipomwona mwanao akifanya kazi. Kwa siku tatu alipima njia yote kutoka mabwenini hadi uwanjani kwa hatua zake, akaandika kila jiwe. Alichukua makopo makubwa ya mafuta ya kupikia, akayakata, akayapaka rangi nyeusi ndani, akatengeneza vifuniko vya taa nne za njiani, ili zimulike ardhi peke yake. Mimi nilishika ngazi. Kisha akafunga kamba ndefu yenye fundo kila hatua mbili, kila mtoto ashike fundo lake. Mlinzi ndiye aliyekuwa mgumu. Alisema tangu taa zije amekuwa akilala vizuri sana, kisha akajirekebisha kwamba alimaanisha akilinda. Binti yako akamwambia atakuwa mkuu wa swichi, na kwamba hakuna atakayezima wala kuwasha ila yeye. Mlinzi akavaa kofia yake ya sherehe.

Usiku ule watoto arobaini na watatu walitoka na kamba yao, mikono kwenye mafundo. Mlinzi akazima, zikabaki zile nne za njiani zenye vifuniko. Kwanza uwanjani hapakuwa na kitu, ila weusi na kikohozi cha mtu mmoja. Nilihesabu dakika moyoni. Kisha anga likaanza kujaa, si mara moja, bali kama sufuria inavyojaa maji bombani. Yule mdogo wa Wakili akauliza kama yale ni mawingu. "Si mawingu," dada yake akamwambia. "Ndiyo hiyo. Sema umeiona." Akasema ameiona. "Sema tena, kwa sauti." Akasema tena, na Wakili akageuka kuwatazama wenzake wote gizani, akauliza kama kuna mwenye swali. Hakuna aliyekuwa na swali.

Binti yako hakupandisha sauti hata mara moja. Aliwaeleza kwamba mwanga wa nyota nyingine ulianza safari kabla babu yetu hajazaliwa, na kwamba umefika usiku ule machoni mwao na si kwa mtu mwingine. Aliwapanga kwenye darubini wadogo kwanza. Aliyeshindwa kufumba jicho moja alimpa kiganja afunikie. Mtoto aliyesema haoni kitu hakuambiwa kwamba ni mzembe. Binti yako alichuchumaa, akamwangalia macho, na asubuhi yake akampima. Hakuwa mzembe. Alihitaji miwani, na sasa anayo. Nimefundisha kwa kengele na kwa fimbo, na sikupata kuwa na darasa lililotulia kama lile.

Mwenyekiti alichungulia wa mwisho. Alikaa pale muda mrefu. Alipojitoa aliniambia amefanya zamu za usiku miaka thelathini, na katika usiku wote huo hakuwahi kutoka nje kutazama juu. Hakuna mtoto aliyejikwaa. Nilijikwaa mimi, kwenye mguu wa kiti, lakini sikuwa kwenye masharti.

Kuna jambo moja dogo nitakuongezea. Mbele ya watoto nilikuwa nimetaka kujikosha kidogo, nikawapa ule msemo wa kale, kwamba Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakataka niwaonyeshe Kilimia kipo wapi. Msemo huo nimeufundisha miaka yangu yote, na nyota zenyewe sijapata kuziona. Binti yako akasema taratibu, "Baba mkubwa, mwezi huu kinachomoza sisi tumelala." Basi alfajiri akaja kunigongea. Tulisimama nyuma ya bweni, mimi nimejifunga blanketi, akanyoosha kidole. Ni kijishada kidogo tu, kama alama za vidole vya mtu aliyeshika unga. Niliona haya kwa umri wangu, kisha haya ikaniishia, nikabaki natazama.

Sasa mahali tulipofika. Kamati ilikutana wiki iliyopita. Tuko watano. Niliomba kwamba usiku wa nyota uwe wa kudumu, taa zizimwe saa hizo mbili, na vifuniko vya kopo viwekwe kwenye nguzo zote. Mfadhili alikuwa amepata habari, akaleta ujumbe: taa zile ni jina lake, na akisikia zinazimwa ataona ametukanwa, na atafikiri upya kuhusu magodoro mapya aliyoahidi kwa bweni la wasichana. Hapo mpishi mkuu, mama mwenye haki ya kusema kuliko sisi sote, akauliza swali moja: "Nyota zinalaliwa?" Magodoro ya sasa, mdogo wangu, yamekonda kama mikate ya jana. Niliandika maneno yake kwenye kumbukumbu za mkutano kama alivyoyasema, bila kuyapunguza makali, kwa sababu ni kweli. Fundi bomba wetu akawa upande wake. Mimi na mwalimu wa michezo tukawa upande wa nyota. Mwenyekiti hakusema yuko wapi.

Binti yako alikuwa ameitwa kutoa maelezo. Nilidhani atatetea darubini yake. Alisema kwamba kama ni lazima kuchagua, wachague magodoro, na hatakasirika. Ila aliomba jambo moja kabla ya uamuzi: mfadhili aalikwe aje akae mkekani saa mbili, taa zake zikiwa zimezimwa mbele ya macho yake. "Mtu hawezi kuacha kitu ambacho hajakiona," alisema. Mwenyekiti akaitisha kura ya ombi hilo pekee, likapita.

Mfadhili amekubali kuja. Ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, usiku usio na mbalamwezi, binti yako ameichagua kwa kalenda. Wataletwa watoto kumi na wawili kwa idhini ya wazazi, na Wakili na mdogo wake ni miongoni mwao. Akishaondoka, kamati itaketi asubuhi yake na kuamua. Ikikataa, kazi ya nyota imekwisha, kwa maana mjini hakuna uwanja wenye giza, na hakuna mzazi atakayempa mgeni mtoto wake apelekwe porini usiku bila jina la chama. Mwanao anajua hivyo. Sijamsikia akilalamika. Namsikia akiosha lenzi.

Barua ya mwaliko niliiandika mimi. Ni fupi kuliko ile ya fremu, na imekosa mapambo. Imeanza na maneno haya: "Mwaka jana nilikuandikia kwamba giza halina faida yoyote kwa mtoto. Nilikosea." Nilimsomea shemeji yako kabla ya kuituma. Aliniomba nirudie mstari wa kwanza, nikarudia. Akasema tumeoana miaka arobaini na mmoja na hii ndiyo barua yangu nzuri kuliko zote, na kwamba angependa nakala.

Nakuomba jambo. Barua hii ikikufikia mapema, usinijibu mimi. Mwandikie mwanao. Usimpe ushauri, tumempa wa kutosha. Mwambie tu kwamba umesikia. Na watu wa ghala wakikuuliza binti yako hufanya kazi gani, usiwajibu tena kwamba yuko dukani. Waambie ni fundi wa vioo, na kwamba kioo kikubwa kuliko vyote alivyotengeneza amekisugua kwa mikono yake na kuwapa watoto wa watu. Waambie kaka yako amekiona, naye si mtu wa kusifu ovyo.

Msalimie sana shemeji yangu. Wasalimie wapwa zetu wawili wa upande wa dada, na umwambie yule mkubwa kwamba kadi yake ya posta ilifika, na makosa yake ya tahajia nimeyapigia mstari kwa upendo. Mzee wa mlango wa jirani yako, yule anayekusaidia kupandisha mtungi wa gesi, mfikishie shukrani zangu. Shemeji yako anawasalimu wote, na anasema mgongo ufungwe kitambaa cha joto. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi usio na maumivu, na atukutanishe tukiwa bado tunatambuana kwa mwendo.

Siku kamati itakapoamua nitakuandikia jioni hiyohiyo, tuwe tumeshinda au tumeshindwa. Safari hii sitasubiri kwanza nihakikishe kwamba sikukosea.

Wako akupendaye, hata aliponyamaza,

Kaka yako.